Chupa Iliyochelewa Kuisha

Muuguzi aliinua chupa mpaka usawa wa dirisha, akaitikisa kidogo, akaitazama tena. Kisha akafungua daftari lake na kuanza kuhesabu siku kwa ncha ya kalamu, moja moja, mpaka kumi.

"Hii ilitakiwa iwe imekwisha," alisema. "Mbona bado ina nusu?"

Sikujibu. Chumba cha pili shangazi alikuwa amelala kiubavu, magoti ameyakunja yakaribie kifua, pindo la shuka ameliuma kwa meno. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye nyonga na uti wa mgongo. Kulia kwa sauti alikuwa ameacha. Alikuwa anaguna tu, kila pumzi na mguno wake, na sisi tuliokuwa naye tulikuwa tumeanza kuuzoea mguno ule kama watu wanavyozoea mlio wa saa ya ukutani.

"Unampa mililita ngapi, kaka?"

Mbili na nusu, nikasema. Nilikuwa nimeelekezwa tano. Na ile dozi ya saa nne usiku, iliyotakiwa kuwa mara mbili ili alale mpaka alfajiri, siku nyingine sikumpa kabisa. Nilikuwa nikimkuta amefumba macho, nikajiambia heri nimwache apumzike.

Hakunigombeza. Aliiweka chupa mezani taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Niliogopa kumuua.

Kupunja

Ni wiki ya sita sasa tangu tumzike, na kuna neno moja limekataa kunitoka kichwani. Kupunja. Mtu anapunja kipimo pale anapokupa pungufu ya kilicho haki yako huku akikuangalia usoni. Mimi nilimpunja shangazi yangu mara tano kwa siku, kwa siku kumi, na nilifanya hivyo nikidhani naishika imani.

Kanisa Katoliki linakataa kifo laini, yaani kumfisha mgonjwa kwa makusudi ili asiumie tena. Hilo nalijua tangu nikiwa mtoto wa mafundisho. Nilichokuwa nakijua pia, ingawa hakuna katekista aliyenifundisha, ni kwamba morfini, ile dawa kali ya maumivu iliyokuwa ndani ya chupa, ni dawa ya mwisho. Ukiona wameanza kumpa mtu morfini, basi. Mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa pamoja kichwani mwangu kwa miaka, na sikuwahi kuyatenganisha. Kwa hiyo nilipokabidhiwa ile chupa na bomba la kupimia, mkono ulitetemeka, na kila mara nilipofika kwenye mstari wa mbili na nusu nikaona hapo panatosha.

Siku tatu kabla ya muuguzi kuja, usiku wa manane, shangazi aliniita. Nikainama mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Mwanangu, kwani hakuna kitu mnaweza kunipa nilale nisiamke?"

Nikamjibu kwa mafundisho. Nikamwambia, shangazi, uhai ni wa Mungu, sisi ni watunzaji tu. Kila neno nililosema lilikuwa sahihi. Aligeuza uso akaangalia ukuta. Nami nikarudi kulala nikiamini kwamba nimeutetea uhai usiku ule.

Nusu chupa ilikuwa kabatini.

"Umesema mkono wako"

Nilikwenda kwa padre siku ya pili baada ya muuguzi kuondoka. Sikwenda kuungama, hilo lilikuja baadaye. Nilikwenda kuuliza kama ile dozi kamili niliyoagizwa ningeweza kumpa bila dhambi.

"Ulipompunguzia, nia yako ilikuwa nini?" aliniuliza.

"Asife kwa mkono wangu, Padre."

Alikaa kimya kidogo. "Umesema mkono wako. Maumivu yake hukuyataja."

Ndipo aliponisimulia jambo ambalo ningetamani kulijua miezi mingi kabla. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII alizungumza na madaktari wa nusukaputi, akiwajibu maswali waliyomletea. Mojawapo ndilo lililokuwa langu: je, ni halali kumpa mgonjwa dawa kali za kutuliza maumivu hata kama zitampunguzia ufahamu, na hata ikionekana zitafupisha siku zake? Alijibu kwamba ni halali, kama hakuna njia nyingine na kama mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa kidini na kimaadili. Kwa maneno mengine, mpe nafasi ya kuagana na Mungu na watu wake, kisha usimwache aumie bure.

1957. Nilikuwa nabeba hofu iliyokwisha kujibiwa muda mrefu kabla sijazaliwa.

Niliporudi nikaifungua Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2279. Inasema dawa za maumivu zinaweza kutumika hata pakiwa na hatari ya kufupisha maisha, ilimradi kifo hakitakiwi kama lengo wala kama njia, kinatazamiwa tu na kupokewa kama kisichoepukika. Na hapohapo inaiita tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, namna ya pekee ya upendo usiotafuta faida, ikitaka ihimizwe. Sio kwamba inavumiliwa. Inahimizwa.

Muuguzi naye alikuwa ameniambia lake, na aliongea kama mtu aliyelirudia mara nyingi kwa watu wenye uso kama wangu. Morfini inayoanzwa kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu haimuui mgonjwa. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, pengine atapata kichefuchefu, na choo kitafunga msipompa dawa ya kulainisha. Uraibu tunaouogopa si jambo la kuhofia kwa mtu anayetumia dawa hii kutuliza maumivu ya namna ile. Kwa hiyo hata ile hatari ambayo Papa Pio aliiruhusu, mara nyingi haipo. Nilikuwa nimemtesa mtu kwa kuogopa kivuli.

Halafu kuna neno katika waraka Evangelium Vitae wa 1995 ambalo lilinisimamisha. Mtakatifu Yohane Paulo II anakieleza kifo laini kuwa ni tendo, au kuacha kutenda, ambako kwa asili yake na kwa nia kunaleta kifo ili kuondoa mateso yote. Niliyasoma yale maneno mawili mara nyingi. Kuacha kutenda. Mimi pia niliacha kutenda. Sikuacha ili afe, hilo nashukuru. Niliacha ili nisihusike.

Tangu hapo nimepata kipimo changu cha kutofautisha mambo haya, na kinanitosha kuliko maelezo marefu. Unampa mgonjwa dawa usiku. Asubuhi anaamka, maumivu yametulia, anaomba maji. Kwa anayetuliza maumivu, hiyo ni asubuhi njema. Kwa aliyekusudia kifo laini, kazi imeshindikana.

Msalaba wa mtu mwingine

Kulikuwa na ndugu mmoja wa familia, mtu wa sala kweli, aliyekuwa akija kila Jumapili na kukaa miguuni pa kitanda. Alikuwa akituambia tumwache shangazi atolee mateso yake pamoja na Kristo. Alisema hata Yesu msalabani alipewa divai iliyotiwa manemane akaikataa.

Ni kweli, imo katika Marko 15:23. Kwa siku kadhaa maneno yale yalinipa faraja ya ajabu, maana yaliigeuza hofu yangu ikaonekana kama heshima. Ilinichukua muda kuona kilichokosekana ndani yake. Yesu alikataa kile kikombe kwa ajili yake mwenyewe. Katika Injili zote nne simwoni akimkuta mgonjwa na kumwambia akae na maumivu yake kwa sababu yana thamani.

Naamini kwamba mateso yakiunganishwa na msalaba hayapotei. Siiachi imani hiyo, na waraka Salvifici Doloris wa 1984 umeieleza kwa undani ambao sijaumaliza kuuchimba. Lakini waraka huohuo unaishia kwa Msamaria Mwema, mtu aliyeshuka, akafunga majeraha, akamimina mafuta na divai. Na tamko la Kanisa kuhusu kifo laini la tarehe 5 Mei 1980 linasema wazi kwamba wapo Wakristo watakaopenda kupunguza dawa ili washiriki mateso ya Kristo kwa hiari yao, ila haitakuwa busara kuugeuza ushujaa huo kuwa sharti la watu wote.

Kwa hiari yao. Shangazi hakuna aliyemuuliza.

Tulikosea pia upande wa pili, nalitaja kwa ufupi. Alipokataa awamu nyingine ya dawa za saratani, baadhi yetu tulimwambia ni sawa na kujiua. Sivyo. Katekisimu namba 2278 inaruhusu kuacha matibabu yenye mzigo mkubwa usiolingana na matunda yanayotarajiwa, kwa kuwa hapo hatukitafuti kifo, tunakubali tu kwamba hatuwezi kukizuia. Kwa hiyo tulitaka kumlazimisha tiba aliyokuwa na haki ya kuikataa, tukamnyima ile aliyokuwa anaihitaji. Bado nashangaa jinsi tulivyoweza kufanya yote mawili kwa mwezi mmoja.

Masista na saa

Katika kusoma kwangu usiku usiku nilikutana na Cicely Saunders, Mwingereza, aliyekuwa kwanza nesi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima kwa sababu alitaka kujua namna ya kuwasaidia wanaokufa. Alikuwa Mwanglikana. Mwaka 1958 alianza kazi London, katika eneo la Hackney, kwenye nyumba ya wagonjwa iliyoendeshwa na masista Wakatoliki kutoka Ireland na kuitwa kwa jina la Mtakatifu Yosefu.

Masista wale walikuwa na upendo tele. Walikuwa wakiwaosha wagonjwa, wakiwageuza, wakisali nao. Dawa ya maumivu ilitolewa maumivu yakishakuja. Saunders akaleta kitu kidogo sana: saa. Dawa itolewe kwa muda uliopangwa, kabla maumivu hayajarudi, ili mgonjwa asilazimike kuyaomba matulizo yake kila mara kwa kuumia kwanza. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice, na kutoka hapo utunzaji wa namna hii ukaenea duniani. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu ya saratani, moja ya kanuni zake lilikuwa lilelile: kwa kufuata saa.

Nimekaa sana na habari hii. Nilikuwa na upendo kama wa masista wale, hilo naweza kulisema mbele ya Mungu. Nilikesha. Nilimfuta jasho. Rozari haikukauka mkononi mwangu. Saa ndiyo sikuwa nayo, na bila saa upendo wangu ulikuwa unafika kila siku ukiwa umechelewa.

Saunders alizungumza pia juu ya maumivu ya mtu kwa ujumla wake: mwili, moyo, jamaa zake, na roho, vyote vikiuma kwa pamoja hata usijue kipi kinalia. Ninapolikumbuka lile swali la usiku wa manane, nadhani lilikuwa limebeba yote manne. Mimi nililijibu kana kwamba ni hoja.

Laini

Hili nalo limenishughulisha. Kwa Kiswahili tunasema kifo laini. Kitambaa ni laini, ngozi ya mtoto ni laini. Neno lenyewe linabembeleza. Ukilifuata kwenye asili yake ya Kigiriki, eutanasia maana yake ni kifo chema, na kifo chema ndicho ambacho Wakatoliki tumekuwa tukikiomba siku zote kwa Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wanaokufa. Kwa nini yeye? Kwa sababu mapokeo yanasema alikufa Yesu akiwa upande mmoja na Maria upande mwingine. Hakuna anayetuambia kifo chake kilikuwa chepesi. Tunaambiwa nani walikuwa wamekaa pale.

Na lipo neno shufaa. Wapo wataalamu waliochagua kuiita huduma hii tiba shufaa, na sijui kama walikusudia kila kilichomo ndani yake. Shufaa ni uombezi. Ni kusimama kwa niaba ya mtu ambaye peke yake hawezi. Nilipoliona hivyo nilishindwa kuisali Salamu Maria kwa kasi yangu ya zamani. Utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimwombea shangazi shufaa kwa midomo, na mkononi nina bomba lililojazwa nusu.

Ninapokwama

Ningependa kusema kwamba maumivu yakitulizwa hakuna atakayeomba kufa. Siwezi kusema hivyo.

Kwanza, wapo wachache ambao maumivu yao hayashiki dawa. Kwao, siku za mwisho, kuna kulazwa usingizi mzito kwa dawa. Kanisa linauruhusu kwa masharti mazito: pawepo haja ya kweli, mgonjwa akubali, awe amepata nafasi ya kujiandaa, na dawa ipimwe kwa kutuliza, isipimwe kwa kuua. Naulewa mpaka huo. Pia nakiri kwamba kwa mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa saa tisa usiku, mpaka huo hauonekani kwa urahisi kama unavyoonekana kwenye karatasi, na simshangai anayetetemeka hapo.

Pili, na hili ndilo zito kwangu, wapo wanaoomba kufa bila kuumwa sana. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya kumsaidia mgonjwa ajitoe uhai imekuwa ikitumika tangu 1997, sababu zinazotajwa zaidi mwaka baada ya mwaka ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya mambo yaliyoyapa maisha ladha, na kupoteza heshima. Maumivu yako chini zaidi kwenye orodha. Uholanzi na Ubelgiji sheria zao za eutanasia zilianza kutumika 2002, Kanada ikafuata 2016. Watu wanaozitumia sheria hizo si wakatili, na jamaa wanaokaa nao mpaka mwisho wengi wao wanawapenda kwelikweli. Yohane Paulo II alikiita kifo laini huruma ya uongo. Naamini alisema kweli. Lakini maneno hayo yana uzito tofauti yakitoka kwa mtu aliyekesha na wagonjwa na yakitoka kwa mtu aliyepunja dawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wote wanaohitaji tiba shufaa duniani, wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Hao wengine wote wamo vitandani wakiguna. Nikisimama leo kuwaambia watu wasiombe kifo laini, najua ni wangapi kati yao hawajawahi kupewa kile kingine.

Na shangazi hakuishia kwenye lile swali la kwanza. Kesho yake aliniuliza, "Nimewachosha, eti?" Nikasema hapana, kwa haraka. Alijua nadanganya.

Chupa ya pili

Siku mbili za mwanzo za dozi kamili alilala karibu muda wote. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba ana deni la usingizi la wiki nyingi, tusiogope. Niliogopa. Nilikuwa nikiweka kiganja karibu na pua yake kuhakikisha anapumua.

Siku ya tatu asubuhi nilikuta miguu yake imenyooka. Nilisimama mlangoni nikaiangalia ile miguu chini ya shuka. Sikumbuki mara ya mwisho kuiona imenyooka ilikuwa lini.

Alitaka achanwe nywele. Alitaka kitanda kisogezwe apate kuona nje. Akamwita mdogo wake ambaye walikuwa hawasemezani, wakafunga mlango, na sijui walizungumza nini. Padre alikuja na Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi, naye shangazi akaitikia mwenyewe "Amina" kwa sauti tuliyokuwa tumeisahau.

Jioni moja nikarudi kwenye swali lake. Nikamwambia, "Shangazi, uliniuliza kama umetuchosha. Ndiyo, tumechoka. Na hatutaki uondoke."

Alinitazama kwa muda. "Nami nimechoka," alisema. "Basi tukae."

Hakuomba tena kulala asiamke. Sisemi kwamba kila mtu angekuwa hivyo. Nasema yeye alikuwa hivyo.

Zilikuwa siku kumi na saba. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Siku ya mwisho nilimpa dozi ya saa nane mchana, taratibu, pembeni ya shavu kwa kuwa kumeza kulikuwa kumekuwa shida. Alifariki kabla ya saa kumi na mbili. Mkono wa mwisho kumpa dawa ulikuwa wangu.

Wiki iliyofuata muuguzi alikuja kuchukua dawa iliyobaki, maana haitakiwi kubaki mikononi mwa watu. Aliiinua chupa usawa wa dirisha kama siku ile, akaimimina kwenye kipimo mbele yangu, akaangalia mstari, akaangalia daftari lake. Akahesabu siku kwa ncha ya kalamu, moja moja.

"Imekaa sawa," alisema, akaandika namba, akanigeuzia daftari nitie sahihi.